Je, Wajua? Miksi ya Kava Tupu, Usenge

Je, wajua kwamba wavuvi wa omena wa Usenge, Siaya, hupumzika mwezi unapopevuka? Omena huvuliwa gizani kwa taa. Taa inaelea majini, samaki wanaufuata mwanga, wavu unawazunguka. Mbalamwezi ikishaangaza ziwa lote, taa inakuwa haina ujanja, na mashua hulazwa ufuoni siku kadhaa. Siku hizo DJ ana wasikilizaji wa kutosha, ingawa pesa mifukoni mwao ni chache kwa sababu hiyo hiyo. Sasa tuseme DJ mmoja wa hapa, pale barabara ya Bondo inapoishia na boti za kisiwa cha Mageta zinapoanzia, ameamua kuwapigia miksi ya saa nzima isiyo na hata wimbo mmoja ulioimbwa na mwenyewe. Kava tupu. Safu ya leo ni ya kumsaidia, na ya kuwapa wengine hoja za kubishana naye.

Je, wajua kwamba si kila wimbo unaofanana na mwingine ni kava? Msanii akirudia wimbo wake mwenyewe miaka ishirini baadaye, hiyo si kava. Rimiksi si kava, maana sauti ni ile ile, imevalishwa tu ngoma mpya. Kipande kilichokatwa kwenye rekodi ya mtu na kubandikwa kwenye wimbo mwingine nacho si kava. Kava inataka koo jingine na rekodi nyingine, wimbo ukibaki ule ule. Ma-DJ wengi hulegeza kamba hapa. Mimi nasema usilegeze. Bila masharti magumu miksi hii haina tofauti na ile inayopigwa kwenye matatu ya Kisumu.

Je, wajua kwamba Shauri Yako, kibao ambacho kikilia ufuoni hata mama wa samaki anaacha kukwangua magamba, ni kava? Orchestra Super Mazembe ndio waliokipa umaarufu Kenya, lakini kabla yao kilikuwa cha Nguashi N'timbo na bendi ya Festival du Zaïre. Mbilia Bel naye akaja akaimba chake. Mazembe wenyewe ni Wakongo waliopitia Zambia wakatua Nairobi mwaka 1974, na mpaka leo kuna watu wazima wanaoapa kwamba wimbo ule ulizaliwa mtaani kwao. Ufungulie miksi na huo. Hakuna atakayejua kwamba mchezo umeshaanza.

Kasongo, kwa upande wake, ni mali yao Mazembe halisi. Vijana wa Kenya walipoufufua mwishoni mwa 2024 kwa sababu za siasa, waliicheza rekodi ile ile ya zamani. Kwa hiyo hauingii, hata wakikupigia kelele.

Je, wajua kwamba mwaka 1968 bendi ya Waingereza, The Tremeloes, iliimba Helule Helule ya Daudi Kabaka ikafika namba 14 kwenye chati ya Uingereza? Kabaka huyu ndiye mfalme wa twisti ya Nairobi, na kule London vijana walikuwa wakiucheza wimbo wake bila kujua Nairobi iko upande gani. Uweke mapema, ukiwa wa pili au wa tatu. Mzee aliyekuja kukaa tu na soda yake atainua kichwa, atasikiliza Kizungu kikichanganyika na kiitikio anachokijua tangu ujana, na kuanzia hapo una mtu mmoja wa kukutetea usiku kucha.

Na Malaika? Ungeweza kujaza saa nzima kwa Malaika peke yake. Fadhili William na Jambo Boys waliurekodi Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960, na Adam Salim wa Tanzania amekuwa akitajwa kwamba ndiye aliyeutunga zamani zaidi. Ugomvi huo haujaisha vijiweni wala hautaisha leo. Baada ya hapo ukasafiri. Miriam Makeba na Harry Belafonte waliuweka kwenye albamu yao ya pamoja ya 1965. Hep Stars wa Sweden waliuimba mwaka 1967, na mpiga kinanda wao alikuwa Benny Andersson, yule yule aliyekuja kuwa mmoja wa ABBA. Boney M. walitoa wao mwaka 1981, Angélique Kidjo mwaka 1991. Kanuni yangu ni toleo moja tu kwa miksi nzima. Makeba atawakalisha watu chini wakumbuke wapenzi wao wa zamani, na kuwainua tena ni kazi. Boney M. wameshapigwa harusini mpaka wamechuja. Chagua Waswidi. Hakuna aliyewatarajia.

Boney M. unaweza kuwapa nafasi yao kwingine: mwaka 1983 walirekodi kava ya Jambo Bwana, wimbo wa Teddy Kalanda Harrison na wenzake wa Them Mushrooms kutoka pwani. Watalii wengi waliousikia hotelini Mombasa walidhani ndio wa Boney M. tangu mwanzo.

Je, wajua kwamba Them Mushrooms hao hao walikuwa wakitengeneza miksi za kava kabla DJ wetu hajazaliwa? Mfululizo wao wa Zilizopendwa ni nyimbo za watu wengine zilizounganishwa, mmoja ukimwagikia ndani ya mwingine, ngoma isikatike. Tofauti ni kwamba wao walifanya kwa magita na jasho. Na Kenya ya kati ina jambo lake la aina hiyo, mugithi wa mtu mmoja na gita moja: Mike Rua au marehemu Salim Junior alikuwa akiamka na wimbo wa Kikuyu wa miaka ya sabini, akapitia rumba, akatua kwenye kantri, na baa nzima ikimfuata kama behewa. Usimwambie mpiga mugithi kwamba kava ni kazi ya wavivu.

Je, wajua kwamba hata rumba ya Kongo ilianzia kwenye kava? Kuanzia mwaka 1933 santuri za Kikuba za mfululizo wa GV ziliingia Afrika, na wanamuziki wa Léopoldville wakazikariri, wengine wakiimba maneno yaliyosikika kama Kihispania ingawa Mhispania asingeambulia kitu.

Haya, tuingie jikoni. Je, wajua kwamba ukiongeza kasi ya santuri kwa karibu asilimia 6, sauti yote inapanda nusu toni? Ndiyo maana mwimbaji mwenye besi anageuka kijana, na mwenye sauti nyembamba anageuka mbu. Mashine ya Technics SL-1200MK2 ya mwaka 1979, ambayo ma-DJ wa dunia nzima waliizoea, ilikuwa na kitelezi cha kuongeza au kupunguza mpaka asilimia 8, yaani zaidi ya nusu toni kila upande. Programu za leo kwenye laptopu zinaweza kubadilisha kasi bila kugusa sauti, lakini ukizisukuma mbali magita yanaanza kulia kama yamezama majini. Kwenye kava, hili ni jambo kubwa kuliko kwenye miksi ya kawaida. Msikilizaji anaubeba ule wimbo wa kwanza kichwani, kwa sauti yake na mwendo wake. Kava tayari imeshamhamisha hatua moja. Ukimhamisha ya pili kwa kitelezi, haelewi tena anasikiliza nini.

Na je, wajua kwa nini kitufe cha kulinganisha mwendo huaibika kwenye rekodi za zamani za hapa? Bendi zilirekodi pamoja, chumba kimoja, bila mdundo wa mashine wa kuziongoza masikioni. Zikipata joto zinakimbia. Wimbo unaanza kwa mwendo mmoja na kufika mwisho ukiwa umeongeza mwendo, na programu, iliyopima mwanzo, inadhani wote ni hivyo. Nyimbo mbili za namna hiyo zikikaa pamoja nusu dakika, ngoma zinaanza kugongana kama viatu vya watu wawili kwenye ngazi ya mbao. Dawa ni ya kizamani: hedifoni sikio moja, kidole kwenye sahani, na kutoka mapema. Usizilazimishe zikae pamoja. Kata kwenye pumziko la gita, ingia.

Hapo ndipo benga inapompa DJ zawadi. Santuri ndogo za mizunguko 45 zilizotoka studio za Nairobi na kuuzwa Kisumu miaka ya 1970 hazikuwa na nafasi ya wimbo mzima wa benga, kwa hiyo wimbo uligawanywa: upande wa kwanza maneno na majina ya wanaosifiwa, upande wa pili magita yanaachiliwa. Watu waliokuwa wakinunua zile santuri walikuwa na upande wao wanaoupenda, na mara nyingi ulikuwa ule wa pili, ulioisha kwa kukwaruzwa. Ukitafuta kava ya wimbo wa benga kwa ajili ya miksi, usisikilize mwanzo wake. Ruka moja kwa moja mpaka pale mwimbaji anaponyamaza, usikie kama mpiga gita mpya ana la kusema au anakariri tu vidole vya mwenzake. Hapo tu ndipo utajua kama kava ina thamani ya kuingia.

Daniel Owino Misiani wa Shirati Jazz, aliyezaliwa upande wa Tanzania na kufa kwa ajali ya barabarani Kisumu mwezi Mei 2006, ndiye ambaye kila kijana wa gita huku hujipima kwake. Na je, wajua kwamba Zimbabwe benga iliitwa kanindo, kwa jina la Oluoch Kanindo, mfanyabiashara wa santuri wa Nyanza? Lebo zake zilifika kusini, wapiga gita wa kule wakaiga, na mwigo huo ukaingia kwenye sungura, muziki ambao Wazimbabwe leo wanauona wao kabisa. Bendi ya Kenge Kenge ilifanya safari ya kinyume: benga ambayo magita yake yaliiga kinubi cha nyatiti wao wakairudisha kwenye fidla ya orutu, ngoma na filimbi, wakatoa albamu mwaka 2007.

Je, wajua kwamba Jim Reeves, ambaye redio za Kenya hazijamwacha apumzike tangu alipokufa kwa ajali ya ndege Julai 1964, alikuwa mwimba kava? He'll Have to Go, ule wa simu na sauti ya chini, ulirekodiwa kwanza na Billy Brown mwaka 1959, na Distant Drums ulikuwa wa Roy Orbison kabla haujawa wake. The Gambler wa Kenny Rogers? Bobby Bare aliurekodi mapema mwaka huo huo wa 1978. Mtunzi ni Don Schlitz. Maana yake ni kwamba DJ wa Usenge anaweza kupiga rekodi zile zile ambazo wazee wanazijua neno kwa neno na bado akawa ndani ya sheria ya kava tupu. Huu ni ujanja, nakiri, lakini ni ujanja halali. Na kama unataka sauti ya nyumbani, yupo Elvis Otieno, Sir Elvis, Mkenya anayeimba kantri ya Marekani kwa kofia na buti na haombi radhi.

Kwa wapenzi wa rege, ambao kuanzia Kondele mpaka Usenge ni wengi kuliko viti, kazi imeshafanywa. UB40 walitoa Labour of Love mwaka 1983, albamu nzima ya kava. Red Red Wine walidhani ni ya Tony Tribe wa Jamaika. Kumbe ilitungwa na Neil Diamond wa Marekani mwaka 1967. Cherry Oh Baby ni ya Eric Donaldson, 1971, na hata Rolling Stones walishaipitia kabla ya UB40. Halafu ule wa 1993, Can't Help Falling in Love: nyuma yake yuko Elvis Presley wa 1961, na nyuma ya Elvis kuna lahani ya Kifaransa ya mwaka 1784. Sijui rege nyingine yenye babu mzee hivyo.

Waka Waka ya Shakira ya Kombe la Dunia 2010? Kiitikio ni cha Zangalewa, Kameruni, 1986. Upite upesi, watoto wataupenda, lakini wameusikia.

Je, wajua kwamba Salome wa Diamond Platnumz na Rayvanny, 2016, ulivuka kutoka ng'ambo ya ziwa hili hili? Maria Salome ulikuwa wa Saida Karoli wa Kagera, aliyeutoa mwaka 2001 kwa Kihaya na ngoma za kwao. Diamond alibadilisha beti, kwa hiyo wakali wa sheria watasema ni nusu kava. Mimi nauruhusu kwa sababu moja: wavuvi wa ziwa hili huvuka mipaka wakifuata samaki, na Saida Karoli alishapigwa ufuoni kabla ya Diamond. Ukipiga Salome, subiri. Upande mmoja watacheza, upande mwingine watu wazima wataanza kuimba ule wa kwanza juu ya huu. Punguza sauti ya spika kidogo uwaache.

Pwani ya bahari ina namna yake. Marehemu Juma Bhalo wa Mombasa aliimba mashairi ya Kiswahili, mengi ya ndugu yake Ahmad Nassir, juu ya lahani za filamu za Kihindi. Maneno mapya, lahani ya kuazima. Je, ni kava? Ni nusu nyingine ya nusu kava ya Diamond, ukipenda. Kwa saa ya mwisho ya usiku, wakati watu wamechoka kuruka, ni dawa. Zanzibar, Bi Kidude aliishi na nyimbo za Siti binti Saad, Muhogo wa Jang'ombe ukiwa mmojawapo, mpaka wengi wakazihesabu zake.

Je, wajua kwamba wimbo wa taifa wa Kenya umejengwa juu ya bembelezo la watoto la Wapokomo wa Mto Tana? Kamati ya 1963 ililichukua ikaliandikia maneno. Na wa Tanzania una lahani ya Enoch Sontonga wa Afrika Kusini, ya mwaka 1897. Kava zote mbili, na zote mbili usizitie kwenye miksi. Utawasimamisha watu wima katikati ya dansi.

Nimeuacha Kothbiro makusudi, kwa sababu ndio unaoniumiza kichwa. Black Savage, bendi ya Nairobi ya miaka ya 1970, waliurekodi kwa Kijaluo: mvua inakuja, ng'ombe warudishwe nyumbani. Mmoja wa bendi hiyo alikuwa Job Seda. Baadaye akajiita Ayub Ogada, akashika nyatiti, na mwaka 1993 akauimba upya kwenye En Mana Kuoyo, albamu iliyotolewa na Real World, lebo ya Peter Gabriel. Toleo hilo likaingia kwenye filamu ya The Constant Gardener ya 2005. Kisha mwaka 2018 Kanye West akakata kipande cha Black Savage akakiweka kwenye Yikes, na majina ya Wakenya yakaonekana kwenye orodha ya watunzi. Ogada alifariki Februari 2019 karibu na Kisumu. Sasa angalia sheria yetu. Toleo la 1993 ni la mtu anayerudia wimbo wa bendi yake mwenyewe. La 2018 ni kipande kilichobandikwa. Wimbo wa Kijaluo uliofika mbali namna hii hauna mlango wa kuingilia.

Upo mmoja. Mtafute mpiga nyatiti, Siaya hawakosekani, mkalishe karibu na spika na kipaza sauti kimoja kwenye kisanduku cha ala, umwambie aupige yeye. Nyuzi nane, pete ya chuma kwenye kidole cha mguu ikigonga mbao. Kava inazaliwa pale pale, na wewe unashikilia ngoma ya chini tu isitoroke.

Mwite mapema, kwa sababu kuna pakruok. Mtu atanyanyuka, atasimamisha muziki, atatoa noti, atajisifu au kumsifu shemeji yake, kisha muziki urudi. Bendi ya ohangla inajua kungoja. Laptopu haijui. Tayarisha vipande vya gita vya sekunde chache vinavyojizungusha, ili mwenye sifa zake azungumze juu ya kitu badala ya kimya. Na kwa kuwa Kenya disko matanga, yaani dansi za usiku wa msiba, zimepigwa marufuku na serikali mara kadhaa, na kwa sababu nzito zinazohusu watoto, fanya haya kwenye hafla iliyo wazi na iliyopewa kibali.

Na mwisho wa hesabu, je, wajua kwamba kava ina wenyewe wawili? Kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, rekodi ya sauti inalindwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa, na utunzi unalindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya mwaka wa kifo chake. Rekodi ya 1974 ilimaliza ulinzi wake Kenya mwisho wa 2024. Lakini Daudi Kabaka alifariki 2001, kwa hiyo utunzi wake una mwenyewe mpaka mwisho wa 2051, hata koo likiwa la Mwingereza. Kwa miaka mingi chama cha MCSK kilikuwa upande wa watunzi, KAMP upande wa watayarishaji na PRISK upande wa waimbaji na wapigaji, na mizozo kati yao ingejaza safu nyingine. DJ wetu asiingie huko usiku wa leo. Kwenye majina ya mafaili yake aandike mtunzi kwanza, mwimbaji wa pili, na mwaka wa rekodi: Kabaka, Tremeloes, 1968.